Imeji ya kontena inazeeka ikiwa imekaa tu: niliyoyaona nikitunza mfumo wa dagaa Kigoma

Wengi tunaojifunza Docker, chombo cha kufunga programu pamoja na vyote inavyohitaji kwenye furushi moja linaloitwa imeji, tunafundishwa kubildi imeji, kuipushi kwenye rejista (ghala la imeji mtandaoni), kuiwasha ikawa kontena, basi. Kontena ikikubali kuwaka na watu wakaanza kuingia tunaona kazi imeisha. Mimi baada ya kutunza mfumo mmoja hapa Kigoma nimekuja kuamini kazi ndo inaanza pale, kwa sababu imeji inazeeka hata kama hakuna aliyeigusa. Siku unayoibildi kila kilichomo ndani kinaganda, ile Python, ile OpenSSL ya usimbaji fiche, zile laibrari ndogondogo ambazo hata majina yake huyajui, na huku nje watu wanaendelea kugundua matundu ya usalama kwenye vitu hivyohivyo, marekebisho yanatoka, ila yanaingia kwenye stoo za vifurushi za Debian au Alpine (aina za Linux ambazo imeji hujengwa juu yake), hayaingii kwenye imeji yako mpaka wewe mwenyewe uibildi upya. Kina mama wa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, wanalielewa hili vizuri sana kwenye kazi yao, dagaa ukishawaanika hujamaliza, unawageuza, unatazama mawingu, mvua ikija unaanua. Kwahiyo swali ninalomuuliza kila fundi siku hizi ni moja: ukiambiwa leo hii uibildi upya imeji yako kuanzia mwanzo, utaweza?

Mfumo wenyewe ni wa wanunuzi wa dagaa na migebuka pale mwaloni Kibirizi. Unapokea uzito kutoka kwenye mizani, unatoa stakabadhi, unapiga hesabu ya kila mtumbwi afu unamtumia mvuvi meseji ya malipo yake. Kuna kikompyuta kidogo kipo ofisini kwao ndo seva, na kuna nakala kwenye seva ya kukodi nje ya nchi ambako wakubwa wanaangalia ripoti. Vyote vinaendeshwa kwa Docker, kontena moja ya programu yenyewe iliyoandikwa kwa Python na Django, moja ya Postgres (hifadhidata), moja ya Java inayoshughulika na kuprinti stakabadhi. Mimi na mwenzangu tulikabidhiwa mwaka 2023, timu iliyoutengeneza ikiwa imeshaondoka.

Sasa siku moja ikatangazwa kuna tundu kwenye laibrari ya kuchakata picha ambayo mfumo unaitumia. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja tu, unabadilisha namba ya toleo kwenye faili la mahitaji, unabildi, umemaliza. Nikabildi, apt-get update, amri ya Debian ya kuchukua orodha ya vifurushi, ikaanza kutoa 404 (faili halipo) mfululizo. Kuja kuangalia, msingi wa ile imeji ulikuwa Debian 9, ile inaitwa Stretch, imetoka 2017 na msaada wake wa muda mrefu uliisha katikati ya 2022, na Aprili 2023 Debian wenyewe wakaviondoa vifurushi vyake kwenye seva za kawaida wakavihamishia archive.debian.org. Yaani Dockerfile, faili la maelekezo ya kubildi, iliyokuwa inabildi vizuri mwezi uliopita ikawa haibildiki tena na hakuna binadamu aliyebadilisha hata herufi moja ndani yake. Juu ya hiyo Stretch kuna Python 3.6, nayo msaada wake uliisha Desemba 2021.

Mama meneja wa pale Kibirizi aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, si mlisema mnabadilisha kitu kidogo?" Nikamwambia ndio mama, kitu chenyewe ni kidogo, ila kilichopo chini yake kimeshaachwa na wenyewe, hakirekebishwi tena, na sisi tumekalia hapohapo. Akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Akauliza, "Sasa hiyo hela ya wavuvi iko salama?" na hapo ndo nilipoona kwamba hii habari ya imeji sio mambo ya sisi mafundi peke yetu, mvuvi aliyetoka ziwani alfajiri anategemea ile namba iliyoandikwa kwenye simu yake iwe ya kweli.

Unaweza ukaielekeza apt kwenye archive na itabildi, tulifanya hivyo ili tuvuke, ila archive ni ghala la vitu vya zamani, hakuna marekebisho mapya yanayoingia kule. Umepata imeji mpya yenye matundu ya zamani. Ikabidi tukae tupange kuuhamisha mfumo mzima.

Kabla ya kuhamisha tukaiskani ile imeji kwa Trivy, ni chombo cha bure, unakipa jina la imeji kinasoma vifurushi vilivyomo kinalinganisha na orodha ya matundu yanayojulikana. Jamani ile orodha ilikuwa inashuka tu haiishi, na mama meneja alikuwa amesimama nyuma yangu anaona nyekundu inapita. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu nimeona vijana wengi wakifika hapa wanafanya mojawapo ya mambo mawili, ama wanaogopa wanafunga kompyuta, ama wanaamua chombo kinapiga kelele wanakipuuza moja kwa moja. Orodha hii inatakiwa isomwe. Sehemu kubwa sana ya ile nyekundu ilikuwa inatoka kwenye kifurushi kimoja kinaitwa linux-libc-dev, ambacho ni mafaili ya vichwa vya keneli (kiini cha Linux) yanayotumika wakati wa kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu. Kila tundu la keneli ya Linux linaandikwa juu yake, wakati kontena haina keneli yake, inatumia ya mashine iliyo chini. Kwahiyo mamia ya mistari ile haikuwa hatari kwetu kupitia pale. Ila katikati ya kelele zile kulikuwa na mistari michache ya OpenSSL na ya ile laibrari ya picha, na hiyo ndo ilikuwa inatuhusu kweli kwa sababu mfumo unapokea picha kutoka kwenye simu za makarani.

Tangu siku hiyo tunaskani kwa kuchuja. Kwanza tunaangalia yale makali ambayo marekebisho yake tayari yapo, Trivy ina chaguo la --ignore-unfixed, kwa sababu hayo ndo unaweza kuyafanyia kazi leo. Yale ambayo Debian hawajatoa marekebisho tunayasoma mojamoja, tunajiuliza je hiki kitu programu yetu inakigusa, mtu wa nje anaweza kukifikia? Tukiamua kukiacha tunaandika kwenye faili la .trivyignore pamoja na sababu na tarehe. Sababu ni muhimu sana, bila sababu baada ya miezi hakuna anayekumbuka kwanini lile tundu liliachwa, na linabaki limefichwa milele.

Kingine nilichokiona ni kwamba njia rahisi ya kupunguza matundu ni kupunguza vitu. Imeji kamili ya Python ikishafunguliwa inakaribia GB 1, ina gcc, ina git, ina vichwa vya keneli, vitu ambavyo programu ikishawaka haivihitaji hata kidogo. Ile ya slim, iliyopunguzwa, inabaki kama MB 130 hivi. Ukiacha usalama, kwa sisi tunaoishi kwa bando hiyo tofauti unaisikia mfukoni.

Mwenzangu alitaka twende moja kwa moja Alpine kwa sababu msingi wake ni kama MB 5 tu. Tulijaribu kweli. Shida ya Alpine kwa Python ni kwamba inatumia musl badala ya glibc (zote ni laibrari za msingi za C), na vifurushi vingi vya Python vilivyokuwa vimeshakompailiwa tayari vilitengenezwa kwa glibc, kwahiyo ukifika kwenye laibrari zenye C ndani pip, kisakinishi cha laibrari za Python, inaanza kukompaili yenyewe, unasubiri mpaka chai inapoa, na wakati mwingine inagoma. Mambo yamekuwa nafuu siku hizi kwa sababu kuna vifurushi vya musl vinatengenezwa, ila sio vyote. Kwa Go au programu inayojitegemea ningechukua Alpine au hata distroless ya Google (imeji isiyo na hata shell) bila kufikiri mara mbili. Kwa Django yetu tukaamua python:3.11-slim-bookworm. Na tulichagua kwa kuangalia tarehe, sio kwa kusikia: Python 3.11 inapata marekebisho ya usalama mpaka Oktoba 2027, Bookworm ni Debian 12 na msaada wake wa muda mrefu unafika Juni 2028. Tarehe hizo tumeziandika juu kabisa kwenye Dockerfile kama maoni, ili atakayekuja baada yetu asishtukizwe kama sisi.

Ujenzi wenyewe tukaugawa hatua mbili, jambo ambalo Docker waliliweka tangu 2017. Hatua ya kwanza ina gcc na libpq-dev ya kuongea na Postgres, inakompaili kila kitu. Hatua ya pili inaanza upya kutoka slim, inachukua tu matokeo na libpq5. Zile zana za kukompaili zinabaki nyuma, hazisafiri kwenda Kibirizi. Mtu akija kupenya ndani ya kontena anakuta hamna gcc, hamna curl, hamna git, anahangaika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona linawapiga watu wengi sana bila wao kujua. Unaweza kuwa unabildi kila siku na bado imeji yako ni ya mwaka jana. Mistari ya Dockerfile inajenga imeji tabaka juu ya tabaka, na Docker inahifadhi matabaka hayo. Mstari wa RUN apt-get update && apt-get upgrade ukiwa haujabadilika na ya juu yake hayajabadilika, Docker haiukimbizi tena, inachukua tabaka lililopo kwenye kashe, hifadhi yake ya kazi za nyuma. Afu ule mstari wa FROM, unaotaja imeji ya msingi, kama mashine yako tayari ina imeji yenye tagi ile (jina la toleo), docker build ya kawaida inaweza kutumia hiyohiyo uliyoipuli zamani bila kwenda kuuliza kama kuna mpya. Kwahiyo unabadilisha msimbo wako, unabildi, inaisha kwa sekunde chache, unafurahi imekuwa haraka, na haraka yenyewe imetokana na kwamba hakuna kilichosasishwa chini. Niliwahi kumuonyesha kijana mmoja hapa Mwanga, tukaingia ndani ya kontena aliyoibildi asubuhi ileile, tukaangalia toleo la libssl (ndo OpenSSL yenyewe) likawa nyuma kabisa ya lile lililopo kwenye stoo ya Debian. Alinyamaza akaangalia tu.

Dawa yake ni docker build --pull --no-cache. Sio kila mara, utamaliza bando. Sisi siku za kazi tunabildi na kashe kama kawaida, ila kila wiki kuna kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) kwenye ile seva ya nje, kwenye intaneti ya uhakika, inabildi kila kitu upya bila kashe, inaendesha majaribio, inaskani, na ikipita inapushi kwenye rejista yetu. Hata kama hatujaandika mstari wowote wa msimbo wiki hiyo. Hii cron ndo kitu chenye thamani kuliko vyote tulivyofanya, naweka mbele hata ya kuskani. Kuskani kunakwambia una tundu, ila kama hujui kubildi upya bila hofu utalitazama tu hilo tundu. Na siku kitu kikigoma kubildi unajua wiki hiyohiyo, wakati bado ni kitu kimoja kimebadilika, hujangoja vikusanyike vya miaka mitano.

Halafu tagi. Tagi ni jina tu, wenye imeji wanaweza kulihamisha kutoka imeji moja kwenda nyingine muda wowote, na wanalihamisha kila siku kwa nia njema kabisa. Wengi tunajua latest haitakiwi, ila hata tagi yenye namba inahama. Mfano ulionikaa ni wa Postgres. Kwenye seva ya nje tulikuwa na postgres:15, namba imeandikwa vizuri. Katikati ya 2023 zile imeji rasmi za Postgres zikahamishwa msingi kutoka Debian 11 kwenda Debian 12, tagi ni ileile. Tukapuli, ikawaka, data ipo, ila logi ikaanza kuandika onyo kwamba hifadhidata ilitengenezwa na toleo la kolesheni (kanuni za kupanga maneno) 2.31 na mfumo wa sasa unatoa 2.36. Hizo ni namba za glibc. Maana yake kanuni za kupanga maneno kwa alfabeti huenda zimebadilika kati ya hizo mbili, na faharasa zote za maandishi zimepangwa kwa kanuni za zamani. Postgres ikitafuta jina la mtumbwi kwenye faharasa iliyopangwa vingine inaweza isilione wakati lipo, au ikaruhusu jina lijirudie mahali ambapo halitakiwi. Hakuna kitakachodondoka, utapata tu majibu yasiyo sahihi kimyakimya, na kwenye hesabu za malipo hilo ni baya kuliko kudondoka. Dawa ni REINDEX, kujenga faharasa upya, afu ALTER DATABASE na REFRESH COLLATION VERSION, kwa mpangilio huo. Ukianza na ya pili onyo linaondoka na tatizo linabaki.

Kwahiyo kwenye mashine zinazofanya kazi hatuandiki tagi tena, tunaandika dijesti, ile sha256 ndefu. Dijesti inatokana na vilivyomo, kikibadilika kitu hata baiti moja inakuwa dijesti nyingine. Ila nisieleweke vibaya, dijesti peke yake inakurudisha kulekule kwenye kuganda, unakuwa umefunga imeji ya zamani kwa kufuli. Inabidi iende pamoja na ile kazi ya kila wiki, cron ikipita ndo dijesti mpya inaandikwa kwenye faili la compose, linaloorodhesha kontena za kuwasha, na mtu anaiangalia kabla ya kuipeleka.

Siri ndani ya matabaka. Hili nalipitia haraka kwa sababu limesemwa sana ila bado nalikuta. Kwenye ile imeji tuliyorithi, docker history --no-trunc ilituonyesha paswedi ya huduma ya kutuma meseji, ilipitishwa kama ARG (kigezo) wakati wa kubildi. Na faili la .env, lenye siri za mfumo, lilinakiliwa ndani halafu mstari wa chini likafutwa. Kufuta kwenye tabaka la juu hakuondoi kilichopo tabaka la chini, yeyote mwenye imeji anaweza kulitoa. Tulichofanya cha kwanza kabisa ni kubadilisha paswedi zenyewe siku hiyohiyo, maana iliyokwishaingia kwenye imeji ihesabu imeshatoka. Baadaye ndo tukaja kwenye .dockerignore (orodha ya mafaili yasiyoingia kwenye imeji) na kwenye --mount=type=secret ya BuildKit, kijenzi cha imeji cha Docker, ambayo siri inaonekana wakati wa kubildi tu na haibaki kwenye tabaka lolote.

Kutoendesha kontena kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, kulitusumbua kuliko nilivyodhani. Kuongeza mstari wa USER ni sekunde, ila yale mafaili ya picha kwenye diski ya Kibirizi yote yalikuwa mali ya root, kwahiyo programu ikiwaka kama mtumiaji wa kawaida haiwezi kuandika picha mpya, makarani wanapiga picha inazunguka tu. Tukachagua namba ya mtumiaji 10001 tukaitumia kila mahali, Dockerfile na diski, tukachown (tukabadilisha mwenye mali) folda moja baada ya nyingine. Afu tukaenda mbele tukawasha --read-only, mfumo wa mafaili wa kontena usiandikike kabisa, na Gunicorn, seva inayoendesha Django yetu, ikakataa kuwaka. Ukisoma logi inalalamika haina mahali pa kuweka faili la muda, kwa sababu kila mfanyakazi wake anahitaji kafaili ka kuonyesha kwamba bado yuko hai. Ukiipa tmpfs (hifadhi ya kwenye RAM) kwenye /tmp, au ukaielekeza kwenye /dev/shm kwa --worker-tmp-dir, inatulia. Nimeliandika kwa kirefu kwa sababu wengi wakifika hapo wanairudisha root, na sio lazima.

Sasa kufikisha imeji Kibirizi. Ukitumia docker save unapata faili moja lenye matabaka yote, unaliweka kwenye flashi, unapanda bajaji. Inafanya kazi, na siku mtandao haupo ndo njia tunayotumia mpaka leo, ila unabeba kila kitu hata kama kilichobadilika ni msimbo wa KB kadhaa. Ukipuli kutoka rejista yanashuka matabaka yaliyobadilika tu. Kwahiyo mpangilio wa mistari kwenye Dockerfile ni hela: vifurushi vya mfumo juu, laibrari za Python katikati, msimbo wetu mwisho kabisa. Kile kikompyuta kinapuli usiku kwa bando la usiku. Kingine, Docker Hub, rejista kuu ya Docker, tangu Novemba 2020 waliweka kikomo kwa wasio na akaunti, mara 100 kwa saa 6 kwa anwani moja ya IP, na sisi wa data za simu tunagawana anwani moja na watu wengi tusiowajua, unaweza kukuta toomanyrequests na wewe ndo kwanza umeamka. Kuingia kwa akaunti kulisaidia, na kuwa na rejista yetu kukamaliza kabisa.

Lini ubadilishe? Hili hakuna kitabu kinachokwambia, wavuvi ndo wametufundisha. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti samaki, watu wanapumzika na kushona nyavu. Kwahiyo sisi mabadiliko makubwa tunayaweka kwenye mbalamwezi. Mzee mmoja wa pale mwaloni akituona tumefungua kile kikompyuta siku hizi anasema, "Vijana, leo mwezi wenu," nasi tunamjibu "Ndio mzee, shikamoo," tunaendelea. Na ule uhamisho mzima wa Python 3.6 kwenda 3.11 tuliufanya 2024, Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mizani ilikuwa imekaa kimya, tukapata nafasi ya kuendesha ya zamani na mpya sambamba, kulinganisha hesabu za stakabadhi za nyuma, kurekebisha. Bila dirisha lile sijui tungefanyaje.

Kuna jambo la kujua kilichomo pia. Ijumaa Kuu ya 2024, Machi 29, zikatoka habari kwamba xz, chombo kidogo cha kubana mafaili, kimewekewa mlango wa nyuma kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alishangaa kuingia kwenye seva kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde akafuatilia. Watu walihaha duniani kote. Sisi tulikuwa tumeshaanza kutengeneza orodha ya vilivyomo kwa Syft, kila imeji ikibildiwa orodha yake inahifadhiwa pembeni, kwahiyo tukatafuta liblzma (laibrari ya xz) kwenye mafaili hayo bila kuwasha kontena yoyote, tukakuta toleo la Bookworm ni la nyuma ya hayo, na Debian thabiti haikuguswa, yaliyoguswa ni matawi ya majaribio. Hapo pia nikaona faida ya kukaa kwenye toleo thabiti linalopata marekebisho, kuliko kukimbilia kila kipya siku kinapotoka.

Na msisahau mashine ya chini. Januari 2024 lilitangazwa tundu namba CVE-2024-21626 kwenye runc, kile kinachowasha kontena, mtu anaweza kutoka kwenye kontena akafikia mashine yenyewe, na hiyo huirekebishi kwa kubildi imeji, unasasisha runc kwenye seva. Vilevile poti unayoichapisha kwa -p Docker inaipitisha pembeni ya kanuni za ufw (ukuta wa moto wa Linux), tulikuta Postgres iko wazi kwenye seva ya nje wakati ufw inaonyesha imefungwa. Ichapishe kwenye 127.0.0.1, au usiichapishe kabisa kama anayeihitaji ni kontena mwenzake.

Kimebaki kiporo kimoja, ile kontena ya Java ya kuprinti. Chanzo chake hatukukabidhiwa, ipo jar tu, yaani programu iliyokwishakompailiwa, na ndani ya jar hiyo kuna Log4j, laibrari ya kuandika logi, ya zamani, ya kabla ya ile kashfa ya Desemba 2021, CVE-2021-44228. Tukabadilisha ile laibrari ndani ya jar kwa 2.17.1, ikakubali kuwaka na kuprinti, ila hatuwezi kusema tunaijua yote. Kwahiyo tumeibana: haina njia ya kutoka kwenda intaneti, inaongea na programu kuu tu kupitia mtandao wa ndani wa Docker, imeondolewa uwezo wote kwa --cap-drop ALL, mafaili yake hayaandikiki, printa ndo kitu pekee cha nje inachofikia. Mwenzangu ameshaandika mbadala wake kwa Python, unaprinti stakabadhi vizuri ila bado unakata herufi za mwisho kwenye majina marefu ya mitumbwi. Hilo likikaa sawa, mbalamwezi ijayo ile ya Java tunaizima.